Kalamu ya Kobe na Karatasi ya Kaluki

Jumatatu, 30 Agosti 1976

Kaluki alizikwa juzi, Jumamosi. Bila kengele, bila mchungaji. Miaka tisa nje ya Meza ya Bwana, na hata kaburini hakurudishwa. Nilisimama upande wa pili wa uzio wa mikonge, kofia mkononi, kama mpita njia. Wanawake wa kanisa hawakuimba. Nzilani, wa nyumba yake, ndiye pekee aliyeimba.

Daftari la zamani lilikwisha mwezi wa Julai, nami sikuona haja ya kuanza jingine. Leo naiona.

Nimeiosha kalamu kwa maji ya uvuguvugu. Nusu kikombe tu — kisima cha bondeni kinatoa tope sasa. Maji yale ya buluu nimeyamwagia mche wa mchungwa, maana hakuna kinachotupwa mwaka huu.

Kalamu ni ile ile. Haina kifuniko. Ukibonyeza kitufe cha nyuma, nibu, ile ncha ya kuandikia, hutoka. Ukibonyeza tena, hurudi ndani, na kijilango cha chuma hufunga mdomo. Mmisionari aliponiachia mwaka 1965 alisema imetoka Ujapani, na kwamba si ya kuazimana. Hapa Kilungu watu huiita kobe. Kishikizo chake kiko upande wa nibu, kwa hiyo vidole havina budi kukaa kulia na kushoto kwake. Nimeishika hivyo miaka kumi na moja, na kidole changu cha shahada kimefanya shimo. Ubatizo, ndoa, vifo, nidhamu: kila kilichoandikwa katika kanisa letu tangu wakati huo kimepitia mdomo huu.

Jina la Kaluki sikuliandika katika kitabu cha vifo. Aliyetengwa haandikwi. Kanuni hiyo niliinakili mimi mwenyewe.


Alhamisi, 2 Septemba 1976

Nzilani alikuja asubuhi pamoja na Mbithe, binti yake mkubwa mwenye umri wa miaka saba. Nilimpa kiti. Akaketi chini.

Akasema, “Mzee, mwaitu alisema karatasi iko kwako.” Mwaitu, mama yetu: ndivyo alivyomwita Kaluki siku zote.

“Karatasi gani?” nikauliza. Mungu anisamehe.

“Ya mbuzi.”

Nikamwambia nitaitafuta. Akasema kamati ya ardhi inakaa tarehe kumi na nne, na kwamba Musyoka amemwambia mbele ya watu, “Wewe ulikuwa wa kumchotea maji marehemu. Marehemu amekwenda. Chukua watoto wako urudi kwenu Kitui.”

Musyoka ni ndugu mdogo wa Nzuki, mume wa Kaluki. Tena ni mzee wa kanisa. Benchi letu ni moja.

Naandika jambo hili kwa utaratibu, ili nilione. Kaluki na Nzuki hawakujaliwa mtoto. Nzuki akafa mwaka 1958. Baadaye Kaluki akaoa mke kwa jina la marehemu, ili nyumba ile isizimike. Mila yetu Wakamba inaruhusu. Mke wa namna hiyo huitwa iweto, na watoto atakaowazaa ni watoto wa Nzuki, hata ikiwa Nzuki ameoza zamani. Kanisa halikubali. Lakini kamati haifuati kanisa. Kamati inafuata mila, na mila ina swali moja tu: je, mbuzi wa ntheo, wale wanaofunga ndoa, walifika kwa baba yake msichana? Ikiwa walifika, Nzilani ni mke wa nyumba ile na shamba ni la watoto wake watatu. Ikiwa hawakufika, ni mgeni aliyekawia kuondoka.

Karatasi inalijibu swali hilo. Iko katika sanduku la nguo za marehemu mke wangu, chini kabisa. Sikuwa na haja ya kuitafuta.


Jumapili, 5 Septemba 1976

Ibada ndefu. Tumeombea mvua. Baadaye Musyoka alinishika mkono nje, kwa upole mwingi.

“Karani, kobe wako hajambo? Tarehe kumi na nne tunamhitaji.” Anataka nilete kitabu cha ubatizo mbele ya kamati, nisome tu kilichoandikwa kuhusu watoto wa Nzilani. “Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Wewe ni mtu wa kweli. Kila mtu anajua.”

Nilijibu kwamba nitakileta. Kusoma nilichoandika si dhambi.


Jumatano, 8 Septemba 1976

Kalamu imekataa mara tatu. Wino umeganda kwenye nibu. Upepo huu hukausha kila kitu.

Sikuandika mengine. Sikulala mchana kama nilivyozoea.


Jumamosi, 11 Septemba 1976

Nimeifungua karatasi. Nitaeleza yote leo, kisha nitajua nimekuwa mtu wa namna gani.

Machi 1967. Kaluki alinijia akasema, “Kiilu, wewe na Nzuki mlichunga pamoja. Mimi sijui kusoma, na wazee husahau. Njoo uandike.” Nikaenda. Nilimficha Mchungaji, nilisema nakwenda kumwona shemeji yangu aliye mgonjwa. Tulisafiri siku mbili, basi na miguu, tukavuka mto Athi wakati mchanga ulikuwa mwingi kuliko maji, mbuzi watatu mbele yetu. Kwa Kisilu, baba yake Nzilani, tulifika Jumamosi ya tarehe kumi na moja.

Wazee walikuwa wanne. Niliandika tarehe, mahali na idadi ya mbuzi. Kisilu hakuwa ameona kalamu kama hii. Akaiomba. Akabonyeza: kichwa nje. Akabonyeza: kichwa ndani. Alicheka mpaka akatoa machozi, akaanza kumwonyesha mkewe: “Tazama, mama! Anaogopa watu! Sasa haogopi! Anaogopa tena!” Mara ikamponyoka, nibu ikiwa nje, ikaanguka juu ya jiwe la meko. Mzee wa watu aliniangalia kama mtoto aliyevunja chungu. Nikamwambia haidhuru. Nikaendelea kuandika majina ya mashahidi, ingawa ilikuwa inakwaruza. Kaluki akaweka dole gumba, Kisilu akaweka lake. Kisha tukala nyama. Nilikula. Ilikuwa na mafuta, nami nilifurahi — naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Habari ilifika Kilungu kabla yetu, lakini habari ya Kaluki tu. Jina langu halikutajwa. Jumapili iliyofuata, tarehe kumi na tisa, wiki moja kabla ya Pasaka, baraza la kanisa lilikaa na kumtoa Kaluki katika Meza ya Bwana kwa kuoa kipagani. Alisimama mbele yetu. Aliulizwa, “Ulikuwa na nani huko?” Akasema, “Nilikuwa na mbuzi.” Wazee walighadhabika kwa kiburi hicho. Mimi ndiye karani. Nikaiandika hukumu yake kwa kalamu iliyokuwa na vumbi la meko ya Kisilu.

Hakuniangalia siku ile. Hakuniangalia kwa ubaya miaka tisa iliyofuata. Karatasi aliniachia kwa sababu paa lake linavuja na mchwa hawana huruma. Watoto wa Nzilani walipoletwa ubatizoni, 1969, 1972, na yule mdogo mwaka jana, niliandika mahali pa baba: Hana. Mara tatu. Mwandiko mzuri.

Kaluki alikaa nyuma, karibu na mlango, mara zote tatu.


Jumanne, 14 Septemba 1976

Kamati ilikaa katika ofisi ya naibu chifu. Watu walijaa hadi nje. Mwenyekiti ni Ndululu, mzee asiyeingia kanisani, ugoro kwenye pua na masihara mdomoni. Lakini mipaka ya vilima hivi anaijua mti kwa mti.

Nilisoma. Ndululu alisema, “Polepole, Karani. Sisi hatukusomea kwa Wazungu.” Nikasoma tena. Jina la mtoto. Jina la mama. Baba: Hana.

Musyoka akasimama. “Wazee, mmesikia. Ndugu yangu alikufa hamsini na nane. Huyu wa kwanza kazaliwa sitini na tisa. Marehemu gani huyu mwenye nguvu namna hii?” Watu wakacheka, hata wanawake. Nzilani alitazama chini. Musyoka akaongeza kuwa yeye hapingi mila, aonyeshwe tu mbuzi. Mbuzi wa ntheo wako wapi? Nani aliwaona wakivuka Athi?

Ndululu akauliza, “Yuko mwenye neno?”

Nilikuwa na neno. Lilikuwa katika mfuko wa ndani, limekunjwa mara nne. Mkono wangu uliingia mfuko wa juu, penye kalamu, nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Sijui mara ngapi. Nikasikia ubaridi kifuani. Nibu ilikuwa nje, na wino ulikuwa umeingia katika shati jeupe, doa la ukubwa wa yai.

“Karani anavuja!” mtu akapiga kelele. Kicheko tena. Nikaketi.

Wakati wa kutoka, Mbithe alikuja mbele yangu. Mtoto mwenye adabu. Aliniita umau, babu. Akauliza kama ni mimi niliyeandika pale kwamba hana baba. Nikamjibu ni mimi. Akauliza, “Ulimtafuta ukamkosa?”

Kamati itakaa tena Jumanne ijayo.


Jumatano, 15 Septemba 1976

Doa halitoki. Sabuni imekwisha, na maji si ya kuchezea.

Musyoka amepigilia vigingi ndani ya shamba la Kaluki. Havingoji kamati. Nimeviona kutoka njiani: saba, vimechongwa upya.


Ijumaa, 17 Septemba 1976

Siku ya kufunga. Maombi yangu hayakuwa na maneno mengi. Nilisema: Bwana, nina umri wa miaka sitini na saba. Nikiitoa karatasi, nitakuwa nje ya Meza hadi nife, nami nitazikwa kama Kaluki. Nisipoitoa, nitabaki ndani, na kila nitakapokula mkate ule nitayaona macho ya mtoto yule.

Sikusikia jibu. Nadhani sikuuliza swali.


Jumanne, 21 Septemba 1976

Nimeitoa.

Niliiweka juu ya meza ya Ndululu na kusema mimi ndiye niliyeiandika, kwa Kisilu, tarehe kumi na moja Machi 1967, na nyama nilikula. Nzilani alijifunika uso kwa leso.

Musyoka hakukasirika. Hilo ndilo lililoniogopesha. Aliichukua karatasi kwa vidole viwili akaiinua mbele ya dirisha.

“Wazee, hii iliandikwa jana. Mkono ni wa Karani. Wino ni wa Karani. Nani mwingine Kilungu ana wino huu? Na kobe mwenyewe yuko hapo mfukoni. Miaka tisa karatasi ilikuwa wapi? Kaluki amekufa. Kisilu amekufa. Wazee wa Kitui wote wamekufa. Shahidi aliye hai ni yule yule aliyeandika!” Akageuka. “Juma lililopita alikisoma kitabu, hakuwa na karatasi. Leo anayo. Karani, umekuwa mjane miaka sita. Kama unamtaka huyu mwanamke, sema tu, tukupe baraka.”

Kicheko kile sitakisahau. Ndululu akagonga meza. “Musyoka! Ushahidi, si masengenyo.” Kisha akaniita karibu, akazungumza kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza bila masihara. “Mimi nakuamini, Kiilu. Lakini kitabu cha serikali hakiandiki imani ya Ndululu. Ofisa anatoka Machakos Alhamisi ya tarehe thelathini kufunga kazi ya sehemu hii. Niletee kitu.”

Kitu gani? Miaka yote hii nimeitunza sifa moja: kwamba neno langu halihitaji shahidi. Leo nilipolihitaji, neno langu lilikuwa ndilo la kwanza kushukiwa. Na kalamu niliyoitunza kama jicho ndiyo inayonishitaki.


Alhamisi, 23 Septemba 1976

Nimekiona! Nilikuwa nimeketi mlangoni, mchana, jua likiwa juu ya karatasi.

Tarehe, mahali, mbuzi watatu: mstari mmoja, mwembamba, safi. Lakini kuanzia majina ya mashahidi, kila mstari unaoshuka una njia mbili, na katikati kuna weupe mwembamba kama unywele. Nibu ilipasuka ilipoanguka katika meko. Meno yake yalitengana, wino ukashuka pande mbili. Kisilu, Mungu akurehemu, ulicheza vema!

Baada ya Pasaka ya mwaka ule niliipeleka kalamu Makindu, kwa Kalasinga mtengeneza saa. Alinibadilishia nibu, akaweka nene zaidi, ndiyo hii ninayoandikia sasa. Ile iliyopasuka aliitupa mbele yangu katika mkebe. Namkumbuka akisema, “Mzee, hii nibu imekufa. Umeandika kwa maiti muda gani?” Nikamjibu, majuma machache.

Kwa hiyo mstari wa njia mbili hauwezi kuandikwa leo. Haungeweza kuandikwa hata mwaka 1968. Ndululu ni mtu wa kusoma alama za ng'ombe. Akionyeshwa karatasi mbili zenye alama moja ataona. Anachohitaji ni maandishi mengine ya majuma yale, yenye tarehe, ambayo hakuna awezaye kusema niliyaficha nyumbani.

Nimefikiri tangu saa sita hadi jua lilipoinama. Katika majuma yale mimi niliandikia kanisa mara moja tu. Tarehe kumi na tisa Machi, katika kitabu cha baraza. Kaluki mke wa Nzuki ametolewa katika Meza ya Bwana.

Ukurasa huo peke yake.


Jumapili, 26 Septemba 1976

Baada ya ibada niliingia kwa Mchungaji Kivuva. Ni kijana kwangu, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho, lakini ni mchungaji wangu. Nilimweleza yote, pamoja na nyama. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

Vitabu vya baraza la kanisa vimo katika sanduku lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwangu, mmoja kwake. Nikamwomba tufungue, tukipeleke kitabu cha 1967 kwa kamati siku moja tu.

Alikataa. “Mzee wangu, naheshimu mvi zako. Lakini kumbukumbu za nidhamu ya Kanisa haziwezi kwenda katika chumba cha wavuta ugoro kuthibitisha ndoa tuliyoihukumu sisi wenyewe. Tutakuwa tunasema nini?” Nikasema tutakuwa tunasema kwamba mbuzi walifika. Akasema hilo si jambo la Kanisa. Nikasema watoto watatu tuliwabatiza sisi.

Alifumbua macho. Nilidhani amelegea. Kisha akaniambia baraza litakaa Jumatano saa saba mchana, kwa ajili yangu, nami nilete ufunguo.

Nzilani alikuwa akingoja barabarani na mtoto mgongoni. Aliona usoni. Alisema tu kwamba wameanza kufunga mizigo, ili wasifungiwe na watu wengine.


Jumanne, 28 Septemba 1976

Vigingi sasa ni kumi na tisa. Kimoja kiko hatua tano kutoka kaburi la Kaluki.

Nimelitoa koti la mmisionari, lile kubwa la sufu ninalolivaa mwezi wa Julai ukungu ukishuka. Nalipeleka kesho kanisani. Najiambia ni kwa sababu shati langu lina doa na si heshima kusimama hivyo mbele ya baraza.


Jumatano, 29 Septemba 1976

Naandika nikiwa ndani ya chumba cha kando cha kanisa, kwenye meza ya baraza. Niko peke yangu. Wazee wako nje.

Walikaa sita. Musyoka alizungumza kwa unyenyekevu, akasema anasikitika, akasema damu ya undugu ni kitu kingine na kweli ni kitu kingine. Niliulizwa: ulikwenda? Nilikwenda. Ulikula? Nilikula. Ulinyamaza? Nilinyamaza miaka tisa, na mwanamke akaubeba mzigo wake na wangu. Mzee Nzioka, ambaye huwa amesinzia, alinitazama, akasema, “Kwa hiyo aliposema alikuwa na mbuzi...” Hakumaliza.

Wakanitoa. Sauti tano, Nzioka hakuinua mkono.

Kisha ikatokea shida. Hukumu lazima iandikwe siku ile ile, na karani ni mimi. Wakatazamana. Mwingine hana mwandiko. Musyoka akasema, “Aandike mwenyewe, kisha aiache kalamu mezani. Alipewa karani, hakupewa Kiilu.” Mchungaji akakubali. Nikatoa ufunguo wangu, naye wake, sanduku likafunguliwa.

Mchungaji alitafuta kidogo ndani. Akatoa kitabu kipya. Halafu akatoa cha zamani. Akakifungua mahali, akakiweka mbele yangu. “Tumia maneno yale yale ya Kaluki,” akasema, “ili kusiwe na upendeleo.”

Ukurasa ulikuwa pale. Tarehe juu. Na kila mstari unaoshuka — njia mbili, weupe katikati. Jina lake lote limepasuka kutoka juu hadi chini. Miaka tisa sikuwa nimelitazama.

Nilinakili. Yeremia Kiilu ametolewa katika Meza ya Bwana kwa kushiriki kuoa kipagani. Musyoka alitaka sanduku lifungwe papo hapo. Mchungaji akasema, “Wino haujakauka. Tukaombe kwanza.” Na kwa kuwa aliyetengwa haombi nao chumba kimoja, wao ndio waliotoka. Mchungaji alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni, akavitazama vitabu viwili, akanitazama mimi. Akatoka. Sijui alitaka kusema nini. Huenda hakutaka kusema kitu.

Wanaimba. Wimbo una beti nne; wako katika wa tatu.

Nimekuwa mtunza vitabu hivi vya baraza miaka kumi na moja na hakuna ukurasa uliotoka nje ya mlango huu. Nilikuwa tayari kumwacha Kaluki afe kuliko ukurasa utoke. Kesho saa tatu ofisa wa Machakos ataketi, atauliza kama kuna neno, kisha atafunga.

Kitabu cha zamani ni chembamba kuliko nilivyokumbuka. Hakina uzito chini ya koti.

Wamemaliza. Nasikia Musyoka akikohoa. Viatu vyao vimekanyaga kokoto.

Nikimaliza mstari huu kalamu nitaibonyeza na kuiweka mezani, kama walivyotaka. Koti nimelifunga vifungo vyote, na joto lote hili —